Jangwa Halianzii Kwenye Kilemba: Wahamaji Katika Michezo ya Kuigiza Wahusika

Desemba 2022, Wizards of the Coast, kampuni inayochapisha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao wachezaji huigiza wahusika wao, ilitangaza kwamba inaliacha neno "mbari" kama jina la jamii ambazo mchezaji humchagulia mhusika wake, na mahali pake inaweka "spishi". Kitabu kipya cha mchezaji kilichotoka 2024 kimefuata uamuzi huo. Tena kimehamisha nyongeza za uwezo: nguvu, wepesi na hekima sasa hutokana na usuli wa mhusika, yaani kazi na malezi yake, na damu aliyozaliwa nayo haina tena kauli hapo. Miaka miwili kabla ya tangazo hilo, kampuni hiyohiyo ilikuwa imeanza kubandika tahadhari kwenye vitabu vyake vya zamani vinavyouzwa kidijitali, ikikiri kwamba baadhi yake vimebeba chuki na dhana potofu za wakati wake. Wachezaji wamegawanyika. Wapo wanaoona mchezo umelainishwa mno, na wapo wanaoona haki imetendeka hatimaye. Pande zote mbili zinaamini kwamba kilichobadilishwa ni kitu kikubwa.

Kwa wahamaji wa jangwani, karibu hakuna kilichobadilika. Mhamaji wa mezani ni yuleyule: kilemba, upanga uliopinda, hasira ya haraka inayoitwa heshima, ngamia asiyechoka, na uvamizi wa usiku. Umwite mbari, spishi au utamaduni, ukimwuliza leo atanyweshea wapi hana jibu, kwa kuwa hana cha kunywesha. Hoja yangu ni hii: kasoro ya wahamaji katika michezo hii haikuwa jina la kundi lao. Ni kwamba wamenyang'anywa mifugo. Wape kundi lenye hesabu na visima vyenye wenyewe, na sehemu kubwa ya dhana potofu itakosa pa kushika. Wanyime hivyo viwili, na hakuna tahadhari ya ukurasa wa kwanza itakayowaokoa wasiwe vazi la kuazima.

Tuanze na kanuni zenyewe, maana ndizo zinazomfundisha mchezaji kitu gani kina thamani. Katika kanuni za mchezo huo zilizotoka 2014, mhusika anahitaji galoni moja ya maji kwa siku, kama lita 3.8, na mara mbili ya hapo kukiwa na joto kali. Kiasi hicho si kibaya. Mtu anayetembea juani jangwani anaweza kupoteza lita 8 au zaidi kwa kutwa moja. Tatizo limo katika njia za kukwepa. Tamko la kichawi la ngazi ya kwanza hutoa hadi galoni 10 za maji, karibu lita 38. Mhusika mwenye usuli wa mtu wa nyikani hujipatia chakula na maji yeye na wenzake watano kila siku, mradi ardhi yenyewe inavyo, na sharti hilo la mwisho ndilo rahisi kusahaulika mezani. Kuna tamko jingine linaloumba matunda 10, kila moja likimshibisha mtu kutwa nzima. Mashujaa watano wakishakuwa na kimojawapo cha hivyo, jangwa limekwisha. Linabaki mchanga wa kupita kuelekea kaburi la mfalme fulani, na wahamaji wanabaki watu wa kukutana nao njiani: wauza ngamia, waongoza njia, au majambazi.

Msimamizi wa mchezo, yule anayeongoza kikao na kusimulia dunia yake, akiona hivyo, hamu yake ya kwanza ni kupiga marufuku uchawi huo. Asifanye hivyo. Mchezaji ameuchagua kwa haki, na ataona ameadhibiwa kwa kujiandaa vizuri. Kinachotakiwa ni kubadilisha kipimo. Lita 38 zinawatosha mashujaa watano kwa siku moja ya joto, lakini ngamia mmoja aliyekaa siku nyingi bila maji hunywa kama lita 100 kwa mkao mmoja, ndani ya dakika kumi hadi kumi na tano. Uchawi unaomwokoa shujaa haumfikishi ngamia mmoja hata nusu ya kiu yake. Mradi anayehesabiwa ni shujaa, uchawi wa ngazi ya kwanza unafuta jangwa. Siku hesabu inapohamia kwenye kundi, uchawi uleule unakuwa msaada mdogo wenye heshima yake: unaokoa ndama aliyezaliwa njiani, au mgonjwa ndani ya hema, na jangwa linabaki pale pale.

Chukua kambi ndogo ya watu 40 katika mahema 8, wenye ngamia 60 na mbuzi 200. Wamefika kisimani baada ya mwendo mrefu. Ngamia 60 wenye kiu kwa lita 100 kila mmoja ni lita 6,000. Mbuzi 200 kwa lita 5 ni 1,000. Watu 40 kwa lita 8 ni 320. Jumla ni lita 7,320. Sasa kisima chenyewe: kina cha pima kumi na moja, mita 20 hivi, na maji yake hujirudisha lita 1,500 kwa siku. Kundi hili linahitaji karibu siku tano kumaliza kiu. Kwa ndoo ya ngozi ya lita 20, hiyo ni mivuto 366 ya kamba, kwa mikono. Na mbuzi hawangoji siku tano. Kwenye joto wanataka maji kila siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo kabla ngamia wa mwisho hajanywa, mbuzi wa kwanza wamekwisha kurudi kulia kwenye birika. Wakati huohuo malisho ya karibu yanaisha, maana kila kundi lililotangulia limekanyaga na kula mahali hapohapo. Sasa waambie wachezaji kwamba siku ya tatu vumbi limeonekana upande wa kaskazini, na kwamba ni ukoo mwingine unakuja na ngamia 80. Hujataja jini wala mfalme aliyefufuka, na tayari meza nzima ina jambo la kuamua.

Inafaa msimamizi akitazame kisima hicho kwa karibu kabla ya kukieleza, kwa sababu hapo ndipo wachezaji watakapokaa. Mdomo wake umezungushiwa mawe, na mawe hayo yamechimbwa mifereji na kamba za vizazi vilivyopita, kidole kinaingia. Pembeni pana birika la udongo linalopaswa kukandikwa upya kila linapopasuka, kwa kuwa birika linalovuja linanywesha mchanga. Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya wana visima virefu ambamo watu hujipanga kwenye ngazi, mmoja juu ya mwingine, wakirushiana vyombo vya maji kwa mdundo wa wimbo. Wimbo huo ni kazi: unashika mwendo, ili chombo kilichojaa kipande na kitupu kishuke bila mtu kukosa. Zamu za kunywesha husimamiwa na mtu anayeitwa abba herega, baba wa zamu. Cheo kama hicho kinafaa kupewa mhusika wa mchezaji kuliko cheo chochote cha "mpiganaji wa jangwani", maana kila mtu kambini ana haja naye, na kila uamuzi wake unamletea rafiki mmoja na adui mmoja.

Namna ya kuendesha jambo hili bila kuichosha meza ni kutumia karatasi moja na zamu za siku kumi. Kwenye karatasi chora visima vitano hadi saba. Vikizidi hapo hakuna atakayevikumbuka. Kwa kila kisima andika kina chake, lita zinazojirudisha kwa siku, ukoo unaokimiliki, na mwezi ambao hukauka. Kambi ina namba moja tu ya afya ya kundi, kutoka 0 hadi 5, na inaanza na 4. Kila zamu wachezaji huchagua kisima, hufanya hesabu ya siku za kunywesha, kisha mmoja hurusha dadu ya pande sita kwa ajili ya malisho. Moja au mbili: yameshaliwa, na kambi inaweza kukaa siku tano tu. Tatu hadi tano: yanatosha zamu nzima. Sita: mvua imenyesha mahali, majani ni mabichi, na ngamia hawahitaji kisima kabisa kwa zamu hiyo, jambo ambalo ni la kweli, kwani ngamia anayekula majani yenye maji kwenye majira ya baridi anaweza kukaa wiki kadhaa bila kunywa. Zamu isiyo na maji ya kutosha inaondoa alama moja ya afya, na zamu isiyo na malisho vilevile. Afya ikishuka chini ya 3, maziwa yanapungua nusu. Ikifika 1, sehemu moja ya kumi ya kundi inakufa kila zamu, na kwa ngamia 60 hao ni sita. Hesabu yote inachukua kama dakika tano, na iliyobaki ni mazungumzo.

Makosa yanayovunja mpango huu yanajulikana. Msimamizi anayehesabu lita kila siku badala ya kila zamu atapoteza wachezaji kwenye kikao cha pili. Anayeacha visima visikauke kamwe atawakuta wamekaa mahali pamoja, na uhamaji umekufa, maana mhamaji huhama kwa sababu mahali alipo pameisha. Kosa baya kuliko yote ni kuwapa kambi wachungaji wasio na majina wanaofanya kila kitu nje ya pazia. Hapo mifugo inageuka kuwa fedha zenye miguu, na tumerudi tulikotoka.

Mbona mifugo ifute dhana potofu, wakati huenda ikaongeza tu makaratasi? Chukua ile dhana kwamba wahamaji wamejitenga na dunia na hawahitaji mtu. Katika ngamia 60, tuseme 15 wananyonyesha. Kila mmoja akitoa lita 5 baada ya ndama kupata fungu lake, ni lita 75 kwa watu 40, yaani chini ya lita 2 kwa kila mtu. Maziwa hayo hayatoshi kumlisha mtu mzima anayefanya kazi. Ni lazima nafaka au tende zitoke mahali, na zinatoka sokoni, kwa kubadilishana na samli, ngozi, mbuzi na huduma ya kusafirisha mizigo. Misafara ya Watuareg, wahamaji wa Sahara, kati ya Agadez na Bilma nchini Niger imebeba nafaka kwenda na chumvi na tende kurudi kwa vizazi vingi. Mhamaji anaujua mji vizuri: anajua bei, anajua nani hupunja kipimo, na anajua msimu gani mkulima ana njaa ya nyama. Mchezaji aliyelazimika kutafuta nafaka kabla ya kiangazi hawezi tena kumwigiza mhusika wake kama mshenzi anayeushangaa mji.

Halafu kuna ile dhana ya uvamizi kuwa tabia ya kuzaliwa. Ngamia jike hubeba mimba miezi 13 na huzaa kama mara moja kila miaka miwili. Kundi letu la 60 likiwa na majike 25 wazima, linapata ndama 12 hivi kwa mwaka, na katika hao tuseme wanane wanakua. Wizi wa ngamia 10 usiku mmoja umekula uzazi wa zaidi ya mwaka. Kwa hiyo uvamizi katika dunia hii unajibu ukame na hasara, na watu wanauogopa pande zote mbili. Ndiyo sababu jamii hizi zimejenga bima zao. Warendile na Wagabra, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, hukopeshana ngamia majike: mwenye wengi humpa ndugu au rafiki mtamba, mpokeaji hunywa maziwa, na kati yao unabaki mfungamano wa miaka mingi. Mezani fanya hivi: kila mchezaji aandike majina matatu ya watu wa kambi nyingine wanaoshika ngamia wake, na jina moja la mtu ambaye yeye anashika ngamia wake. Kwa mistari minne tu, kila mhusika ana sababu ya kujali kisima kilicho mbali naye siku sita, na ukoo ule unaokuja na vumbi kutoka kaskazini pengine una ngamia wako ndani yake.

Sheria ndiyo inayokamilisha. Katika desturi ya Wasomali, diya ya mwanamume aliyeuawa imehesabiwa kwa muda mrefu kuwa ngamia 100, na hailipwi na muuaji peke yake. Inalipwa na kundi la jamaa walioungana kulipa na kulipwa pamoja. Kambi yetu ina ngamia 60. Mchezaji aliyezoea kumaliza mabishano kwa upanga akimuua mtu mmoja kisimani, ameitia kambi nzima deni kubwa kuliko mali yake yote, na itabidi aende hema kwa hema kwa jamaa zake kuomba. Vikao vitatu vizuri vinatoka humo. Na tazama kilichotokea: msimamizi hakumkataza mtu kupigana, wala hakuhubiri. Bei ya damu imewekwa wazi, na wachezaji wenyewe wataanza kutafuta wazee, wapatanishi na mashahidi. Mabedui, Waarabu wahamaji wa jangwani, wana kanuni ya mgeni kukaa siku tatu chini ya ulinzi wa mwenyeji bila kuulizwa shida yake. Methali yetu humpa mgeni siku mbili, na ya tatu jembe. Tofauti hiyo ina sababu: mahali ambapo kumfukuza mtu ni kumuua kwa kiu, ukarimu unakuwa sheria, kwa kuwa mwenyeji wa leo ndiye mwenye kiu wa mwezi ujao.

Zipo hoja za kupinga, na haziko sawa kwa uzito. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa: huu ni mchezo wa kubuni, kuna mazimwi, basi usahihi kuhusu wahamaji hauna maana. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama wanaoisema wangeitumia kwa kila kitu. Hawaitumii. Meza hizohizo huhesabu mishale iliyobaki kwenye podo, uzito wa deraya ya chuma, muda wa kuivaa, na tofauti ya upanga mrefu na mfupi kwa hatua za dadu. Ngome ya mlimani ina mwashi, ghala, kisima cha ndani na hesabu ya siku za kuzingirwa. Mazimwi hayajawahi kumzuia mtu kudai ngome yenye mantiki. Anayetaka ngome isimame kwa mantiki na hema lisimame kwa uchawi tu, ameamua ni watu gani wanastahili kufikiriwa na watu gani ni mapambo. Hema nalo lina uhandisi wake. Hema jeusi la Mabedui hufumwa kwa singa za mbuzi, na kazi hiyo ni ya wanawake. Nyuzi zikilowa huvimba, matundu hufunga, na mvua haipenyi kwa urahisi. Jua likiwaka matundu hufunguka na hewa hupita. Kwa Watuareg hema ni la mwanamke, na ndoa ikivunjika mwanamume ndiye anayeondoka. Mchezo unaoonyesha wanawake wa jangwani wakiwa mateka au wacheza ngoma tu umekosea uhandisi na umiliki kwa pamoja.

Nzito zaidi ni hoja ya wale wanaosema afadhali watu wa nje wasiwaigize wahamaji kabisa, kwa kuwa kila jaribio huishia kwenye kejeli. Naiheshimu hoja hii, kwa sababu historia ya vitabu vya mchezo inaiunga mkono kwa kiasi kikubwa. Lakini tiba yake inamwacha mhamaji akiwa ndiye binadamu pekee asiyeweza kufikiriwa na mwenzake, na meza zinabaki na dunia ambamo kila mtu ni mkulima, mfanyabiashara wa mji au askari wa ngome. Njia iliyo salama zaidi ni kujenga watu wa kubuni kutoka chini kwenda juu: anza na mvua, kisha majani, kisha mnyama, kisha kisima, kisha sheria, na mavazi yaje mwisho. Kilemba kinakuja chenyewe kwa sababu upepo una mchanga. Usichukue jina la kabila lililo hai, wala sala yao, wala ibada yao ya kuapisha, ukaibandika juu ya watu wako. Chukua tatizo lao, ambalo ni la yeyote aliye na mifugo mingi na maji machache, kisha watu wako walijibu kwa namna yao. Na meza ikikubaliana kabla ya kikao cha kwanza kwamba hakuna lafudhi za kuigiza, umekwisha kuondoa nusu ya aibu inayotokea kwenye vikao vya namna hii.

Hoja inayonipa taabu kweli ni ya tatu: kwamba watu huja mezani kwa ajili ya vituko, na hesabu ya mbuzi ni kazi ya nyumbani. Kwa meza fulani ni kweli. Kundi linalotaka kupigana na kupora kwa saa tatu halitapenda haya, wala halina sababu ya kulazimishwa. Ila hapo kuna uaminifu mmoja wa kudai: basi wasiweke wahamaji. Waweke majambazi, wawaite majambazi, wenye kiongozi na pango. Kumtumia mhamaji kama jambazi ni uvivu wa kubuni. Unampa msimamizi adui bila kumtafutia sababu ya kuwa adui. Na kwa meza zinazopenda fitina na safari, hesabu ya kundi ndiyo inayozaa fitina yenyewe. Ukiondoa zile lita 1,500, ule ukoo wa kaskazini hauna sababu ya kuonekana kwenye hadithi.

Jambo moja zaidi linahitaji kurekebishwa kwenye kanuni, nalo ni ujuzi wa njia. Katika zile za 2014 kuna kanuni inayompa mwindaji aliyeizoea ardhi fulani uwezo wa kutopotea humo isipokuwa kwa uchawi. Kwa jangwa, kanuni hiyo inageuza elimu kuwa silika, na hapo ndipo dhana ya "mtoto wa mchanga" inapopata kibali cha kanuni. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alivuka Sahara mwaka 1352. Kutoka Sijilmasa hadi machimbo ya chumvi ya Taghaza walitumia siku 25, na huko akaona nyumba zilizojengwa kwa vibamba vya chumvi na kuezekwa kwa ngozi za ngamia. Mbele ya Taghaza msafara ulimkodi takshif, mtu wa Wamasufa, kabila la Waberberi wa Sahara, anayetangulia peke yake hadi mji wa Walata akiwa na barua, ili watu wa Walata watoke na maji kuupokea msafara mwendo wa siku nne. Takshif akifa njiani, Walata haina habari, na wasafiri wengi huangamia. Walimlipa mithkali 100 (kipimo cha uzito) za dhahabu. Ibn Battuta anaandika kwa mshangao kwamba kiongozi wao alikuwa chongo, na jicho la pili lilikuwa gonjwa, na bado aliijua njia kuliko yeyote.

Huyo ni mtaalamu mwenye mshahara, na alichouza ni habari iliyofika kwa wakati. Kwenye mchezo mpe mhusika kama huyo idadi ya njia anazozijua kwa majina, tuseme tatu mwanzoni, na kila njia mpya ajifunze kwa kuipita mara moja na mwenye kuijua. Akiwa kwenye njia yake harushi dadu ya kupotea. Akitoka nje yake anarusha kama mtu mwingine, na wenzake wanajua hivyo kabla ya kuondoka. Mwendo wa msafara uwe kilomita 40 kwa siku, kwa saa kumi za kilomita 4. Kambi inayohama na watoto na mbuzi ipewe kilomita 15 hadi 20. Ngamia abebe kilo 150 hadi 200 kwa safari ndefu, pande mbili zikiwa sawa. Mzigo ukielemea upande mmoja, tandiko husugua mgongo, na kidonda cha mgongo kinamtoa ngamia kazini kwa wiki kadhaa. Kanuni ya dadu moja kila zamu kwa kundi lililopakiwa haraka inatosha kuwafundisha wachezaji kupakia polepole alfajiri.

Vitabu vipya vya jangwa vitaendelea kutoka, na wachambuzi wataendelea kuvipima kwa maneno yaliyofutwa na picha zilizobadilishwa. Mimi ningefungua kwanza sura ya safari, kisha orodha ya bei. Ngamia akiwa na bei tu, bila kiasi anachokunywa, bila mimba yake, bila mtu aliyekopeshwa, basi kitabu hicho bado kinamwona kama farasi mwenye nundu. Ningetafuta kisima kwenye ramani na kuangalia kama kina jina la mwenyewe pembeni. Na meza inayotaka kuanza kabla vitabu havijarekebishwa haihitaji kungoja: kikao cha kwanza kianze kisimani, siku ya tatu, lita 2,820 zikiwa bado hazijavutwa, ngamia wa ukoo wa kaskazini wakinusa maji kutoka mbali, na baba wa zamu, aliye mikononi mwa mmoja wa wachezaji, akiulizwa nani anafuata.